KUONA NDANI YA MNYAMA BILA KISU

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika radio

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu anasikia vizuri. Weka ubao na chaki tayari, maana yako maneno machache tutakayoyaandika mwisho wa somo.

Somo la leo ni la historia. Hatutazungumza habari za vita wala za watawala. Tutazungumza habari za macho, yaani jinsi watu walivyojifunza, hatua kwa hatua, kuona mambo yaliyofichika ndani ya mwili wa mnyama. Tutaanza zizini kwetu, tutakwenda Ulaya, tutarudi Dar es Salaam, na mwisho tutafika kwenye mashine kubwa iitwayo CT. Herufi hizo hutamkwa si-ti. Kisha tutajiuliza swali moja: mashine hiyo yamfaa nini mfugaji wa Usukuma?

Jambo hili si dogo. Mtu akiugua, mganga humwuliza, "Unaumwa wapi?" Naye hujibu, "Hapa." Ng'ombe hawezi kujibu. Fikirini nyumba yenye maksai wawili tu wa kulimia. Mvua za vuli zinakaribia, na maksai mmoja ameacha kula. Akifa, jembe litalala. Jembe likilala, pamba haitapandwa kwa wakati, na mahindi vilevile. Ada ya mtoto na chakula cha nyumba nzima vimo ndani ya tumbo la mnyama yule, na hakuna anayejua tumboni mna nini. Ndiyo maana tangu zamani wafugaji wametafuta njia ya kuona ndani.

MACHO YA KWANZA

Jicho la kwanza ni la mchungaji mwenyewe. Asubuhi, kabla ya kufungua zizi, mchungaji hodari hutazama kundi lake lote. Hutazama ni yupi amesimama peke yake, masikio yameinama, manyoya yamesimama, pua imekauka. Hutazama ni yupi hacheui. Mtu asiyejua mifugo ataona ng'ombe arobaini tu, lakini mchungaji ataona kwamba mmoja kati yao hayuko sawa.

Baada ya jicho ni mkono. Mkono hupapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zikivimba, mfugaji wa Kanda ya Ziwa huanza kuogopa ndigana kali. Mkono ukifungwa ngumi na kuwekwa ubavuni kushoto, husikia tumbo kubwa likijisukuma, mara moja au mbili kila dakika. Likinyamaza, kuna jambo.

Baada ya mkono ni kisu. Mnyama akifa, watu humpasua na kutazama ini, bandama, mapafu na matumbo. Kisu kimewafundisha watu mengi sana, lakini kina makosa mawili. Kosa la kwanza, kinafundisha baada ya mnyama kufa. Kosa la pili, chaweza kumwua yule anayekishika. Mnyama akifa ghafla kwa kimeta, na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani au nyuma, haifai kabisa kumpasua. Kupasua huwatoa nje wadudu wa kimeta, nao hukaa udongoni miaka mingi. Mzoga wa namna hiyo usipasuliwe, usichunwe, usiliwe. Aitwe bwana mifugo.

MIAKA YA SOTOKA

Sasa twende nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia upande wa kaskazini-mashariki wa Afrika, katika nchi inayoitwa leo Eritrea. Ulishuka kusini haraka. Kati ya mwaka 1890 na 1892 ulikuwa umekwisha kupita katika nchi za Maziwa Makuu na katika nchi ya Wamasai. Mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi na kuingia Afrika ya Kusini.

Ng'ombe walitokwa na machozi, wakapata vidonda vya kinywa, wakaharisha, wakafa kwa siku chache. Katika sehemu nyingi walikufa karibu ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyati na wanyama wengine wa porini walikufa pia. Watu waliotegemea maziwa na nyama walipatwa na njaa. Mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakila majani, vichaka viliota, na katika vichaka hivyo ndorobo wakapata makao.

Wazee wa wakati ule waliona dalili zote za nje. Walijua machozi, walijua vidonda, walijua kuharisha. Lakini hawakuweza kuona kinachoua. Wala Wazungu waliokuwako nchini hawakuweza. Mwaka 1902 tu, huko Istanbul nchini Uturuki, wataalamu wawili walionyesha kwamba sotoka huletwa na kitu kidogo mno, kinachopita hata katika chujio linalozuia bakteria. Leo kitu hicho twakiita kirusi. Kwa hiyo ng'ombe wa Afrika Mashariki walikufa kwa wingi miaka kumi kabla mtu yeyote duniani hajajua vizuri adui yao ni nani.

KIVULI CHA MIFUPA

Katika miaka hiyohiyo ya msiba wetu, jambo la ajabu lilitokea Ulaya. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopenya mwili. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake. Mifupa ya vidole ilionekana, na pete pia ilionekana ikiwa juu ya mfupa. Mionzi hiyo ndiyo twaiita eksirei.

Haukupita muda. Mwaka 1896 madaktari wa wanyama wa Ulaya walikuwa wakipiga picha za miguu ya farasi. Kwa nini farasi, wala si ng'ombe wala mbuzi? Kwa sababu katika miji ya Ulaya ya wakati ule farasi ndiye aliyevuta magari, na ndiye aliyebeba askari. Farasi akichechemea, kazi husimama na fedha hupotea. Shikeni jambo hili, ndugu wasikilizaji, maana litarudi tena: chombo kipya hutangulia kwenda kwa mnyama ambaye mwenyewe ana fedha za kukilipia.

Eksirei ni nzuri kwa mifupa. Lakini ni kivuli tu. Ukiweka mkono wako mbele ya taa ya karabai, ukutani utaona kivuli cha mkono. Sasa mtu mwingine akiweka mkono wake nyuma ya wako, vivuli viwili vitachanganyika, nawe hutajua kidole kipi ni cha nani. Ndivyo ilivyo picha ya eksirei ya kichwa cha mnyama. Taya ya kushoto hulala juu ya taya ya kulia, meno juu ya meno, nao ubongo uliomo ndani ya fuvu hauonekani.

KIOO NA HADUBINI

Wakati huo Wajerumani walikuwa wakitawala nchi yetu. Jicho lililotusaidia zaidi sisi halikuwa eksirei. Lilikuwa hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Kati ya mwaka 1895 na 1898 alikuwako katika koloni hilo mfamasia mmoja Mjerumani, jina lake Gustav Giemsa. Aliporudi kwao alitengeneza rangi ya kupaka damu kwenye kioo, na mwaka 1904 aliitangaza. Rangi hiyo huwafanya wadudu wa malaria, wa nagana na wa ndigana waonekane chini ya hadubini. Mpaka leo, katika maabara za watu na za wanyama, mafundi huitumia, na huiita kwa jina lake, Giemsa.

Lakini kuona si sawa na kuelewa. Mwaka 1897 Robert Koch, mganga Mjerumani mwenye sifa kubwa, alikuwa Dar es Salaam. Alitazama damu ya ng'ombe akaona wadudu wadogo sana. Alidhani ni watoto wa wadudu wa ugonjwa mwingine, ule wa mkojo mwekundu. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa peke yake, ndigana kali. Ugonjwa huo ulipofika Afrika ya Kusini pamoja na ng'ombe waliotoka pwani yetu, watu wa huko waliuita homa ya pwani ya mashariki. Katika miaka ya mwanzo ya 1900 wataalamu wa huko, akiwamo Arnold Theiler, walionyesha kwamba ni ugonjwa wa namna yake, na kwamba huletwa na kupe. Baada ya kujua hivyo, watu walipata njia ya kujikinga: josho.

Basi, ng'ombe akivimba tezi, fundi huingiza sindano katika tezi, huvuta majimaji kidogo, huyapaka kwenye kioo, huyatia rangi ya Giemsa, na kutazama. Tone moja latosha. Hakuna haja ya kumpasua ng'ombe, wala ya kungoja afe.

UBONGO WA NG'OMBE HUKO UINGEREZA

Sasa tufike kwenye mashine ya CT.

Watu wawili wanakumbukwa kwa kazi hiyo. Wa kwanza ni Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956, alipokuwa akifanya kazi katika hospitali huko Cape Town, alianza kufikiri hesabu zinazoweza kutoa picha ya ndani ya mwili kwa kupitisha mionzi kutoka pande nyingi. Aliziandika hesabu zake mwaka 1963 na 1964, lakini watu wachache sana walizijali. Wa pili ni Godfrey Hounsfield, fundi Mwingereza aliyekulia shambani. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI, iliyojulikana sana kwa santuri za muziki. Yeye aliitengeneza mashine yenyewe.

Mashine hii hufanyaje kazi? Ninyi wa Mwanza mnalijua Jiwe la Bismarck, lililosimama majini kando ya mji. Mtu akilitazama kutoka nchi kavu, huona upande mmoja tu. Hawezi kujua umbo lake lote. Lakini akipanda mtumbwi na kulizunguka, akalitazama kutoka kila upande na kuandika alichokiona, akirudi ataweza kulichora lote. CT hufanya hivyo. Chombo cha kutoa mionzi humzunguka mgonjwa, na kila kinapofika hupima ni mionzi kiasi gani imepita. Kisha kompyuta hukusanya vipimo vyote na kutengeneza picha.

Na picha hiyo si kivuli. Ni kama kipande. Mama anapomkata sangara mkubwa vipande vya mviringo kwa ajili ya kukaanga, kila kipande huonyesha mfupa katikati, nyama kuzunguka, na ngozi nje. CT humkata mgonjwa vipande vya namna hiyo kwa macho tu, bila kisu na bila kumwaga damu.

Hounsfield alipoanza majaribio yake mwishoni mwa miaka ya 1960, picha moja ilihitaji vipimo 28,000, na kuvipata kulichukua siku tisa. Kompyuta nayo ilifanya hesabu kwa saa mbili na nusu. Kwanza alitumia ubongo wa mtu aliyekufa uliohifadhiwa katika dawa. Picha zilitoka vizuri, lakini ikaonekana kwamba dawa ile ilikuwa imeubadili ubongo, na picha zilionyesha tofauti kubwa kupita kweli. Ilibidi kupata ubongo mbichi. Je, aliutoa wapi? Aliutoa kwa ng'ombe waliochinjwa. Ubongo mbichi wa ng'ombe ndio uliothibitisha kwamba mashine inasema kweli. Baadaye alipiga pia picha za mwili wa nguruwe, sehemu ya mafigo.

Basi kumbukeni hivyo: kabla mgonjwa yeyote hajalala katika mashine ya CT, ubongo wa ng'ombe ulikwisha kutangulia.

Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London. Alikuwa mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe kichwani, na picha iliuonyesha. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa pamoja Tuzo ya Nobel. Na mwaka uleule wa 1971, hapa Mwanza, ilifunguliwa hospitali kubwa ya Bugando, juu ya kilima. Siku hizi Bugando nayo ina mashine ya CT kwa ajili ya watu. Wengi wenu mmempeleka ndugu yenu huko baada ya ajali ya pikipiki, mkaambiwa, "Apigwe CT ya kichwa."

CT YAENDA KWA WANYAMA

Wanyama walirudishiwa faida yao mapema. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa mifugo wa Marekani walikuwa wakiandika habari za mbwa wenye uvimbe wa ubongo, waliopigwa picha katika mashine ya CT. Baada ya mbwa na paka wakafuata farasi. Leo, katika hospitali kubwa za wanyama za Ulaya na Marekani, CT ni kitu cha kawaida. Huonyesha uvimbe ndani ya pua ya mbwa, jino la farasi lililooza shinani, mfupa wa mgongo uliovunjika, na maji au uvimbe katika mapafu.

Lakini kumpiga picha mnyama si kama kumpiga mtu. Mtu huambiwa, "Tulia, usitikisike," naye hutulia. Mbwa hawezi kuambiwa hivyo, kwa hiyo hupewa nusukaputi alale usingizi. Farasi mtulivu huweza kupewa dawa ya kumpoza tu, akasimama na kuingiza kichwa chake ndani ya tundu la mashine. Wahudumu nao hutoka chumbani, maana mionzi ikimpata mtu kila siku yaweza kumdhuru.

KWA NINI SI KWA KILA NG'OMBE

Sasa turudi kwenye swali letu. Ikiwa ubongo wa ng'ombe ulisaidia kuitengeneza mashine hii, mbona ng'ombe wetu hawalali ndani yake? Ziko sababu nne. Mwalimu, waweza kuziandika ubaoni.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa mwili. Mashine nyingi za CT zilitengenezwa kwa kipimo cha mtu. Tundu lake lina upana wa kama sentimeta 70, na vitanda vingi huchukua uzito wa kama kilo 200. Ng'ombe wetu wa kienyeji akikomaa hupita uzito huo, na nundu yake juu. Ndama, mbuzi na kondoo wanaenea. Ng'ombe mkubwa huweza kuingiza kichwa au mguu tu, tena kwa meza maalumu.

Sababu ya pili ni tumbo. Ng'ombe hucheua. Tumbo lake kubwa ni kama pipa la pombe linalochacha; kila saa hutoa hewa, na ng'ombe huitoa hewa hiyo kwa kubeua. Akilazwa ubavu kwa nusukaputi hawezi kubeua vizuri. Tumbo hujaa hewa na kuyabana mapafu. Chakula nacho chaweza kurudi kooni na kuingia katika mapafu, akafa. Daktari hodari anajua kuzuia mambo hayo, lakini hatari ipo.

Sababu ya tatu ni fedha. Mashine ni ghali. Inataka umeme usiokatika, chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, fundi wa kuitengeneza, na daktari wa kuisoma picha. Mtu mwenye farasi wa mashindano aweza kulipa. Mtu mwenye ng'ombe sita hawezi, kwa kuwa gharama yaweza kupita thamani ya ng'ombe mwenyewe. Hapa linarudi lile jambo la farasi wa mwaka 1896.

Sababu ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. CT humtazama mnyama mmoja mmoja, lakini maradhi yetu makubwa hushambulia kundi zima. Ndigana kali, kimeta, chambavu, homa ya mapafu, nagana: hayo hayatibiwi kwa kutafuta uvimbe ndani ya ng'ombe mmoja. Yanataka josho, chanjo, na kioo chenye tone la damu.

SOTOKA ILISHINDWAJE?

Hebu tutazame jinsi adui yetu mkubwa alivyoangushwa.

Huko Muguga, karibu na Nairobi, kilikuwako kituo cha utafiti wa mifugo kilichozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Mtaalamu Mwingereza, Walter Plowright, akisaidiana na wenzake, alitengeneza hapo chanjo ya sotoka katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikingwa kwa miaka mingi. Baadaye ikapatikana chanjo iliyostahimili joto, iliyoweza kufika mbali pasipo barafu.

Lakini chanjo haikutosha. Ugonjwa ulijificha katika makundi ya mbali. Nani angejua ulipo? Wataalamu walikwenda kuketi na wafugaji na kuwauliza, "Mmeuona lini? Ng'ombe walilia machozi? Walikufa wangapi?" Katika miaka ya mwisho ya kazi hiyo, maneno ya wachungaji yalikuwa ramani ya kuitafuta sotoka, na katika sehemu nyingine wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja. Mara ya mwisho sotoka kuonekana ilikuwa mwaka 2001, katika nyati wa Kenya. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imekwisha duniani. Baada ya ndui, huo ni ugonjwa wa pili ambao binadamu ameweza kuufuta.

Hakuna ng'ombe aliyepigwa CT katika kazi hiyo. Hadubini, maabara, sindano ya chanjo, na jicho la mchungaji vilifanya kazi pamoja.

Hata hivyo msidhani kwamba CT ni pambo la matajiri tu. Huko Haydom, wilaya ya Mbulu, madaktari waliwachunguza wagonjwa wa kifafa kwa picha za CT katika miaka ya 2000. Katika vichwa vya baadhi yao waliona vifuko vya mdudu anayetokana na tegu wa nguruwe. Nguruwe hupata mdudu huyo akila kinyesi cha mtu mwenye tegu. Na mtu hupata vifuko kichwani kwa kumeza mayai ya tegu katika chakula au maji machafu. Mashine ilitoa ushahidi kwamba baadhi ya kifafa si laana wala uchawi. Lakini dawa ya kuzuia ni choo, kunawa mikono, kumfungia nguruwe bandani, na ukaguzi wa nyama. CT ilionyesha adui. Jembe la kuchimba choo ndilo linalomzuia.

LA KUFANYA SISI

Mfano wa mwisho ni wa hapahapa. Ng'ombe hula kwa pupa na kumeza kabla ya kutafuna sawasawa. Akikuta waya au msumari ndani ya majani, humeza. Chuma hicho huanguka katika tumbo la pili, lililo jirani na moyo, na huweza kulitoboa. Ng'ombe husimama amepinda mgongo, viwiko ametanua, hataki kuteremka mlima, na hukoroma kwa maumivu akitembea.

CT ingeuona msumari ule mara moja, kama ng'ombe angeenea. Lakini daktari wa mifugo anayo njia nyingine. Watu wawili hupitisha mti chini ya kifua, nyuma kidogo ya viwiko, na kuuinua taratibu. Ng'ombe akikoroma, msumari hushukiwa. Kisha daktari aweza kummezesha sumaku, ikae tumboni na kukishika chuma kisisogee. Na njia iliyo bora kuliko zote ni kuokota nyaya na misumari malishoni. Vilevile mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, haifai kuachwa ovyo. Mifuko hujaza tumbo la ng'ombe, akakonda huku tumbo limejaa.

Basi, ndugu wasikilizaji, huenda siku moja mashine ya CT ya wanyama itakuwako karibu nasi, na itakuwa jambo jema. Lakini tusingoje siku hiyo. Mnyama akianza kuugua, mwiteni bwana mifugo siku ya kwanza, si siku ya tatu. Mwambieni mlichokiona, na tangu lini. Kubalini achukue damu au majimaji ya tezi. Hapa Mwanza pana maabara ya mifugo ya Serikali inayoweza kuyachunguza. Na kwa kuwa sasa mnajua kusoma na kuandika, kila mfugaji awe na daftari. Aandike tarehe ya kuogesha, tarehe ya chanjo, ng'ombe aliyeugua na dalili zake. Bwana mifugo akija, mwonyesheni daftari hilo. Atajua mambo ambayo hata mashine haiwezi kumwambia, kwa sababu mashine haikuwako zizini wiki iliyopita.

MANENO YA KUANDIKA UBAONI

Eksirei: picha ya kivuli cha ndani ya mwili, inayopigwa kwa mionzi.
Hadubini: chombo cha kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Nusukaputi: dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu.
CT: mashine inayozungusha mionzi na kutoa picha za vipande vya ndani ya mwili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kisu kina makosa gani mawili katika kuchunguza ugonjwa wa mnyama?
2. Kwa nini Hounsfield alihitaji ubongo mbichi wa ng'ombe?
3. Tajeni sababu nne zinazofanya CT isitumike kwa kila ng'ombe. Ninyi mwaona ipi ina nguvu zaidi?
4. Wachungaji walisaidiaje kuimaliza sotoka?
5. Katika kijiji chenu, ni ugonjwa gani unaoua ng'ombe wengi? Nani aliuona kwanza, na alimwambia nani?

Swali la tano lijibiwe kwa maandishi, kila mtu katika daftari lake, na mwalimu ayasome majibu mbele ya darasa. Mpaka hapo somo letu limekwisha. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na masomo mema.